KAZI YA MUCHEZAJI WA RUGBY YA WATU 13 KULE UINGEREZA: MAISHA YA ROB BURROW



Kila mwaka, wakati mitihani inapokaribia, maneno yale yale yanarudi mu shule yetu: « Mupira unalipa kupita masomo. » Wako kati yetu wanaoona kwamba kijana mwenye miguu mizuri hana haja ya jeometria. Wengine nao wanasema ya kwamba mutu mufupi hawezi kupata nafasi mu ekipe, basi akae tu pembeni ya kiwanja akiokota mipira ya wakubwa. Sisi wa kalasi ya sita tuliona afazali kutojibu kwa hasira. Tuliona heri kuchukua mutu mumoja aliyeishi kweli kwa mupira, kumwangalia toka mwanzo mupaka mwisho, halafu kila mutu ajifanyie hesabu yake.

Hatukuchukua mutu wa football, sababu hao munawajua kutupita sisi. Tumechukua Rob Burrow, Mwingereza, aliyecheza rugby ya watu 13 mu ekipe ya Leeds toka mwaka 2001 mupaka 2017. Wengi wenu hamujasikia jina lake. Basi tuanze na huo mupira wenyewe.

1. Rugby ya watu 13 ni nini?

Rugby ziko mbili. Moja inachezwa na watu 15 kila upande, ingine na watu 13. Hiyo ya pili Waingereza wanaiita Rugby League, na Wafaransa wanaiita « jeu à treize ». Mwanzoni ilikuwa rugby moja tu. Waliachana juu ya nini? Juu ya mushahara.

Ku miaka ya 1890, kaskazini ya Uingereza, wachezaji wengi walikuwa watu wa kazi ngumu: wachimba makaa ya mawe, watu wa viwanda vya nguo, wabeba mizigo wa bandarini. Mechi zilikuwa siku ya posho, na siku hiyo kazi zilikuwa bado zinaendelea. Mutu akienda kucheza, anakatwa mushahara wa siku. Ekipe za kaskazini ziliomba tu kwamba mutu huyo arudishiwe ile feza aliyopoteza. Wakubwa wa rugby, ambao wengi wao walikuwa watu wenye mali, wakakataa kabisa: mupira ni wa kujifurahisha, siyo wa kulipwa. Kwa mutu mwenye mali ni rahisi kusema vile.

Basi tarehe 29 mwezi wa nane 1895, wajumbe wa ekipe za kaskazini walikutana mu hoteli moja ya muji wa Huddersfield, wakajitenga, wakaunda chama chao. Waliruhusu kumulipa mutu shilingi 6 kwa siku ya kazi aliyopoteza. Upande wa pili wakatoa hukumu kali: mutu akicheza na hao waliojitenga, hatacheza tena rugby ya watu 15 maisha yake yote. Ile rugby ya watu 15 yenyewe ilikuja kukubali mishahara mu mwaka 1995, miaka mia moja kamili nyuma ya mukutano wa Huddersfield! Njo maana mupaka leo rugby ya watu 13 kule Uingereza ni mupira wa miji ya wafanyakazi: Leeds, Wigan, St Helens, Castleford, Hull, na ingine.

Chama hicho kipya kilibadilisha sheria kusudi mupira uwe na mbio na watu wapende kuja kuangalia. Mu mwaka 1906 walipunguza wachezaji toka 15 mupaka 13. Leo sheria kubwa ni hizi. Mechi ni dakika 80, yaani 40 mara mbili. Mupira, ambao umbo lake ni kama yai, unashikwa mikononi, lakini haukubaliwi kutupwa mbele. Unatupiwa tu mwenzako aliye pembeni ao nyuma yako. Ukitaka kwenda mbele, unakimbia nao, ao unaupiga na muguu. Adui anakukamata mwilini na kukuangusha chini. Ukiangushwa, unasimama, unauviringisha mupira nyuma na muguu, mwenzako anauchukua, munaendelea. Ekipe inaangushwa mara 6 tu. Ikifika ya sita, mupira unapewa adui. Mutu akifika nyuma ya mustari wa mwisho wa adui na kulaza mupira chini, ekipe inapata alama 4. Kisha wanapiga mupira na muguu kati ya ile miti miwili mirefu: ukipita juu ya muti wa kulala, alama 2 zinaongezeka.

Munaona sasa kwamba kazi ya mutu wa rugby ni kugongana. Haendi kiwanjani akitumaini kutoguswa. Anaguswa mara makumi kila juma, na watu ambao wamelipwa kusudi wamuangushe.

2. Namna kijana anavyoingia mu kazi hiyo

Rob Burrow alizaliwa tarehe 26 mwezi wa tisa 1982, mu muji wa Pontefract, mu jimbo la Yorkshire. Ni inchi ya makaa ya mawe. Ku miaka ya 1980 mashimo ya makaa yakaanza kufungwa moja moja, na baba wengi wakabaki bila kazi. Mupira wa watu 13 ulibaki kuwa kitu ambacho muji mudogo unaweza kujivunia.

Alianza akiwa mutoto mu ekipe ya watoto ya Featherstone Lions. Kule namna ni hii: kila muji una ekipe za watoto, zinazoongozwa na wazazi na wazee wa pale, bila mushahara. Ekipe kubwa zinatuma watu wao kuangalia mechi hizo. Wakiona kijana anayefaa, wanamuita mu ekipe yao ya vijana, na huko anajifunza kazi huku akiendelea na masomo. Wengi wanaitwa, wachache wanabaki. Kati ya wale wanaobaki mupaka miaka 18, wengi hawatapata kamwe kucheza mu ekipe ya kwanza. Hatusemi hivi kwa kuvunja mutu moyo. Njo namna iko, na mu football pia iko vile vile.

Burrow alibaki. Aliingia mu ekipe ya kwanza ya Leeds mu mwaka 2001, akiwa na miaka 18, na mwaka ule ule alichaguliwa kuwa kijana bora wa ligi nzima.

Juu ya mushahara tuseme neno moja. Kwa muda murefu sana wachezaji wa rugby ya watu 13 walikuwa na kazi ingine: mutu anachimba makaa muchana, anafanya mazoezi mangaribi, anacheza siku ya mapumziko. Mu mwaka 1996 tu, wakati ligi mupya inayoitwa Super League ilipoanza na feza ya televizyo, ekipe kubwa ziliweza kuwalipa wachezaji wao wasifanye kazi ingine. Lakini hata hivyo kuna kipimo: ekipe haina ruhusa ya kulipa mishahara kupita jumla iliyowekwa na ligi. Basi musifikiri kwamba mutu wa rugby ana feza kama wale wa football munaowaona mu picha. Anaishi vizuri, lakini mupira ukiisha, anapaswa kutafuta kazi kama kila mutu.

3. Mutu mufupi kati ya majitu

Burrow alikuwa na urefu wa metre 1 na santimetre 65. Hakufika kilo 70. Wale waliokuja kumuangusha, wengi walipita kilo 100. Kwa miaka mingi watu walimuita muchezaji mudogo kupita wote wa Super League. Toka utoto wake alisikia neno moja: wewe ni mufupi sana.

Alifanya nini? Hakujaribu kuwa munene. Alitafuta ile kazi ya kiwanjani ambayo mutu mufupi anaweza kuifanya vizuri kupita murefu. Alivaa namba 7. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na yule aliyeangushwa, kuokota mupira mbio mbio, na kuamua kwa kupepesa jicho: niutupe kuume, niutupe kushoto, ao nikimbie mwenyewe? Wakati huo yale majitu ya adui bado yanasimama toka chini, pumzi imewaisha. Mutu wa kilo 110 ana nguvu, lakini kugeuka kwake kunachelewa. Mutu wa kilo 67 anageuka mara mbili mbele jitu halijageuka mara moja. Tena kumukamata mutu mufupi ni taabu: mikono inapita juu yake.

Ile iliyoonyesha hayo vizuri ni fainali ya mwaka 2011, Leeds na St Helens, ku kiwanja cha Old Trafford, Manchester. (Wapenzi wa football, ndiyo, ni kile kile munachokijua. Fainali ya Super League inachezwa pale karibu kila mwaka.) Leeds walikuwa wamemaliza ligi ku nafasi ya tano tu. Burrow hata hakuanza mechi, aliketi ku banki. Alipoingia, aliokota mupira mbali na mustari wa adui, akainama na kupita chini ya mikono ya mutu, akakwepa wengine, akabaki na mulinzi wa mwisho peke yake, akamupita na huyo, akalaza mupira. Leeds walishinda alama 32 kwa 16. Waandishi 37 walipiga kura juu ya muchezaji bora wa mechi, na wote 37 wakaandika jina lake. Mbele ya siku ile haikuwahi kutokea kwamba wote wapatane juu ya mutu mumoja.

4. Miaka 17 mu ekipe moja

Tuandike sasa hesabu, kwa wale wanaopenda hesabu. Mbele ya Burrow na wenzake, Leeds walikuwa hawajapata ubingwa wa inchi toka mwaka 1972. Mu mwaka 2004 waliuchukua, wakishinda Bradford 16 kwa 8. Kisha wakauchukua tena mu 2007, 2008, 2009, 2011, 2012, 2015 na 2017. Ni mara 8, na Burrow alikuwamo mara zote 8. Ongeza Kikombe cha Challenge mu 2014 na 2015, na mechi ya bingwa wa Uingereza na bingwa wa Australia, iliyoshindwa na Leeds mu 2005, 2008 na 2012. Alivaa pia nguo ya Uingereza na ya Great Britain. Jumla alichezea Leeds mechi karibu 500.

Lakini musisahau mwaka 2016. Mu 2015 Leeds walikuwa wamechukua vikombe vyote vitatu vya inchi. Mwaka uliofuata wakaanguka mupaka ku nafasi ya tisa, ikabidi wapiganie wasishushwe ku ligi ya chini. Wale wale, kiwanja kile kile! Kisha mu 2017 wakarudi juu, wakashinda Castleford 24 kwa 6 mu fainali. Ile njo ilikuwa mechi ya mwisho ya Burrow. Alikuwa na miaka 35.

Miaka 35, ndugu zetu. Mwalimu wa miaka 35 tunamuita bado kijana. Munganga wa miaka 35 anaanza tu kujulikana. Muchezaji wa miaka 35 ni muzee, na ana bahati kama amefika huko bila kuvunjika goti. Burrow alikuwa na akili ya kujitayarisha: alipoacha kucheza, Leeds walimupa kazi ya kufundisha vijana wao. Aliwaza kuifanya miaka mingi.

5. Wakati mwili ulipokataa

Mwezi wa kumi na mbili 2019, miaka miwili tu nyuma ya ile fainali, waganga walimuambia ana ugonjwa wa neva ambao mu Kifaransa tunauita « maladie de Charcot ». Alikuwa na miaka 37, na watoto watatu wadogo.

Ugonjwa huo ni hivi. Kila unapotaka kuinua mukono, ubongo unatuma amri, na amri inapita mu neva mupaka ku musuli. Mu ugonjwa huo, zile neva za kupitisha amri zinakufa polepole. Musuli usipopata amri unalegea na kukonda. Kwanza mikono ao miguu, ao ulimi; kisha kumeza; mwisho kuvuta pumzi. Mara nyingi akili inabaki nzima, mutu anaona na kuelewa yote. Dawa ya kuponyesha haijapatikana.

Tunajua mutauliza: ni rugby iliyomuletea? Hakuna mutu anayeweza kusema hivyo juu yake. Ugonjwa huo unapata pia watu ambao hawajagusa mupira. Lakini kule Scotland, mu mwaka 2022, watu wa sayansi walitangaza uchunguzi juu ya wachezaji 412 waliochezea zamani ekipe ya inchi mu rugby ya watu 15, na waliona kwamba hao walipatwa na ugonjwa huo mara nyingi kupita watu wengine. Walioupata walikuwa wachache, na uchunguzi unaendelea. Hata hivyo mapigo ya kichwa siyo mambo ya kuchezea. Leo mu rugby zote mbili mutu akigongwa kichwa anatolewa kiwanjani apimwe, na anayemugonga mwenzake ku kichwa anaazibiwa. Tuangalie hilo hata hapa kwetu: mutu akianguka na kizunguzungu, tusimusukume arudi kucheza.

Mwezi wa kwanza 2020, kiwanja cha Headingley kilijaa watu waliokuja kumuchangia. Burrow alivaa tena namba 7, akaingia dakika chache za mwisho. Kisha mwili ukaendelea kukataa. Sauti ikaisha. Alianza kuongea kwa mashini: anaangalia herufi na macho, na mashini inasema. Na kwa sababu sauti yake ilikuwa imeandikwa mu mazungumzo mengi ya zamani, waliweza kuifanya mashini iseme kwa sauti yake mwenyewe, na matamshi yake ya Yorkshire.

6. Kapiteni hakumuacha

Hapa tunafika ku Kevin Sinfield. Yeye njo alikuwa kapiteni wa Leeds mu mabingwa 7 kati ya yale 8. Aliacha kuchezea Leeds mu 2015. Alipoona mwenzake anapoteza miguu, alisema atakimbia yeye.

Mwezi wa kumi na mbili 2020 alikimbia maratoni 7 mu siku 7, kila moja kilometre 42. Alichagua 7 juu ya ile namba ya mugongoni mwa Rob. Alitazamia kukusanya pauni 77 777. Zikaja zaidi ya milioni 2. Mwaka 2021 alikimbia kilometre zaidi ya 160 mu saa 24, toka Leicester mupaka Leeds. Mwaka 2022 alikimbia siku 7 toka Edinburgh mupaka Manchester. Feza yote ilikwenda kwa wagonjwa na kwa uchunguzi wa dawa.

Tarehe 14 mwezi wa tano 2023, watu maelfu walikimbia mu muji wa Leeds maratoni yenye jina la Rob Burrow. Sinfield alisukuma kigari cha mwenzake kilometre zote 42. Walipobakiza hatua chache, alisimama, akamuinua mikononi mwake, akampitisha mustari wa mwisho akimbeba. Yule ambaye adui walishindwa kumukamata miaka 17, sasa alikuwa amebebwa kama mutoto, mbele ya watu wote, na hapakuwa haya ndani yake.

Burrow alikufa tarehe 2 mwezi wa sita 2024, na miaka 41. Kesho yake, tarehe 3, kazi ya kujenga nyumba ya kutunzia wagonjwa wa neva ikaanza mu muji wa Leeds. Jina lake njo limewekwa juu ya nyumba hiyo. Ilikuwa imepangwa zamani kuanza siku hiyo, na jamaa yake waliomba isiahirishwe.

7. Maneno ya kumaliza

Basi turudi ku maneno tuliyoanza nayo.

Kwanza, wafupi wetu. Musikubali kuokota mipira tu. Lakini musijidanganye pia: Burrow hakushinda kwa sababu ya kuwa mufupi, alishinda kwa sababu alijifunza kazi yake miaka mingi, toka utoto. Na ninyi munaopanga ekipe za kalasi, mumupe mudogo nafasi inayomufaa mbele ya kumuhukumu kwa macho.

Pili, wale wanaosema mupira unalipa kupita masomo. Hatusemi ni uongo kwa kila mutu. Tunasema hesabu ni hii: mu watoto wengi wa Featherstone, mumoja alifika, akacheza miaka 17, akaacha na miaka 35, akaishi miaka 6 na zaidi kidogo, na mingi ya hiyo bila mikono na bila sauti. Kile kilichobaki nacho siku hizo kilikuwa akili, na watu. Mashini ile iliyomusaidia kusema ilitengenezwa na watu waliojifunza. Ile dawa inayotafutwa, kama itapatikana, itapatikana na watu waliosoma ile biolojia na kemia ambazo wengine wetu wanakimbia mangaribi kwenda kiwanjani.

Tatu, juu ya ekipe. Siku zile za vikombe, watu wengi walikuwa rafiki za Burrow. Tuulizane sisi kwa sisi: mwenzetu wa kiwanjani akigonjwa leo na kulala lopitali, ni nani kati yetu atakayekwenda kumuona juma la pili? Na la tatu?

Mwenye kutaka kucheza, acheze kwa nguvu. Kiwanja ni saa kumi. Etidi ni saa moja ya mangaribi, na kila mutu akuje na kitabu chake.

Kwa jina la wanafunzi wa kalasi ya sita,
Mukubwa wa wanafunzi